Jinsi ya kumfanya mtazamaji ajihisi kabanwa, kwa kamera tu

Wengi wakitaka sini ya kubanwa wanatafuta kichumba kidogo kuliko vyote afu wanafunga lenzi pana ya milimita 16 ili kila kitu kiingie kwenye fremu, matokeo yake kichumba kinaonekana ukumbi. Lenzi pana inasukuma ukuta wa nyuma mbali, kwaiyo unajiharibia mwenyewe. Chukua lenzi ndefu zaidi, ya milimita 50 au 85, rudi nyuma, utaona ukuta umekuja kumkalia mwigizaji mgongoni. Hakuna pa kurudi? Toka nje upige kupitia mlangoni, na ule ubao wa mlango ukiingia pembeni ya fremu ukiwa haujafokasi, uache hapohapo na ukungu wake, huo ndo unakula nafasi. Lenzi pana mi naikubali kwa kitu kimoja tu, kuisogeza puani kabisa mpaka uso uvimbe, ila shoti moja au mbili zinatosha, ikizidi inakuwa kichekesho.

Afu kuna dari, watu wanaisahau sana. Mwongozaji Sidney Lumet kwenye 12 Angry Men (1957), filamu ambayo karibu yote iko ndani ya chumba kimoja, alianza kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, katikati akaiweka sawa na macho, mwishoni akaishusha chini mpaka dari ikaanza kuonekana, na lenzi nazo akawa anabadilisha kwenda za milimita kubwa zaidi kadiri hadithi inavyosonga. Chumba ni kilekile lakini kinazidi kuwafinya. Hapo cha kuiba ni huo utaratibu wake, maana ukishaanza na klozapu, yaani uso umejaa fremu, dakika ya kwanza, ya kumi utaenda wapi?

Ndani ya fremu nako, kata nafasi ya juu ya kichwa, kata hata nywele. Mwigizaji akitazama kushoto tumezoea kumwachia nafasi kushoto, sasa hapa mnyime, mweke kushoto hukohuko pua ikaribie kugusa ukingo na nyuma yake pabaki patupu, mtazamaji atakosa raha bila kujua kwa nini.

Kamera ya mkononi sawa, ila kubanwa sio kutikisa, ishike kama inapumua tu basi. Na saa nyingine tripodi inabana zaidi: mwache mtu atembee mpaka nusu ya uso itoke nje ya fremu, kamera isimfuate hata kidogo, ageuke arudi mwenyewe.

Mwisho, shoti pana ya akiba, ile inayoonyesha chumba kizima, usipige kabisa. Ukiwa nayo, kwenye editi atatokea mtu aseme haelewi nani yuko wapi, utaiweka, na presha yote uliyojenga inatoka. Mtazamaji akitaka kujua nani kakaa wapi, macho ya waigizaji yanatosha, mmoja atazame kulia, mwenzake ajibu akitazama kushoto.