Kuomba hesabu za mikopo ya boda halmashauri: omba orodha, usiombe jumla

Juzi nimekaa na vijana wa kijiwe kimoja hapa Uyole, Mbeya, wanataka kujua pikipiki za mkopo wa vijana zilinunuliwa bei gani na zimeenda kwa nani, nikaona niandike kabisa maana mi mwenyewe hii kitu ilinitesa miezi minne kwenye halmashauri moja huku Nyanda za Juu.

1. Andika barua kwa Mkurugenzi, kichwani taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016.

2. Sasa unaomba nini? Hapa ndo watu wanakwama. Mi niliandika "naomba taarifa za matumizi ya mikopo ya vijana 2021", kwanza wakaniuliza 2020/21 au 2021/22 (mwaka wa serikali unaanza Julai, andika hivyo hivyo na mkwaju wake), mwezi ukapita, halafu nikaletewa mstari mmoja, jumla ya fedha basi. Jumla huwezi kuihakiki hata ukeshe nayo. Marekani 2009 serikali ililipa dola 3,500 au 4,500 kwa kila aliyesalimisha gari kuukuu akanunua jipya lisilokula mafuta sana, na hesabu zikatolewa gari kwa gari, ndo maana watu waliweza kuzichambua. Na sisi tudai hivyo. Kwa kila kikundi omba: jina la kikundi, kata, kiasi, tarehe fedha ilipotoka, pikipiki ngapi, bei ya moja, nani aliuza, marejesho mpaka leo. Ongeza na mapato ya ndani ya mwaka huo, kwa sababu mikopo ni asilimia 10 ya hayo (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2), ila kuna mapato lindwa (yaliyokwishatengwa kwa matumizi maalumu) yanatolewa kwanza kwa hiyo yaombe yaonyeshwe peke yake, la sivyo utapiga hesabu utaona pengo ambalo halipo utamsingizia mtu wizi. Namba za simu za wanakikundi usiziombe, ni taarifa binafsi, barua nzima itakwama hapo.

3. Peleka masijala kwa mkono, nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Imeili na wasapu mi siziamini kabisa kwa kazi hii. Siku 30 za kujibiwa unazihesabu kutoka kwenye ule muhuri, ukiwa umefifia omba wagonge tena.

4. Wakikataa, omba mapitio kwa maandishi.

5. Orodha ikitoka linganisha na ripoti ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya serikali za mitaa, inawekwa wazi ikishafika bungeni mwezi wa nne. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024, kwa hiyo 2023/24 usishangae ukikosa vikundi vipya.

Vijana wa Uyole barua yao imegongwa muhuri Jumatatu. Nakala anakaa nayo mweka hazina, kwenye bahasha ya nailoni maana mvua za huku mnazijua.