Kumtambua chura anayechimba kwa pua, msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya

Kiangazi chote chura huyu, Hemisus marmoratus, yumo chini ya udongo, na kumfukua ni kumharibia tu. Msubiri masika au vuli ikishalowesha ardhi, kisha mtafute kando ya madimbwi ya msimu msituni. Pitia ofisi ya msitu pale Gede upate ruhusa na mwongozaji. Mna tembo humo, na usiku tochi humwonyesha tembo akiwa tayari karibu mno.

Tangulia kwa masikio. Dume hulia mlio mrefu usiokatika, wa kunguruma kwa sauti nyembamba, na wengi hudhani ni nyenje. Hulia kwenye tope ukingoni, si majini. Ukimsogelea hunyamaza: zima tochi, tulia mpaka aanze tena.

Ukimpata, tazama kichwa kabla ya rangi. Rangi hudanganya, mara hudhurungi yenye mabaka, mara karibu kijivu. Kichwa ni kidogo, kimechongoka, pua ngumu. Macho madogo yenye mboni ya wima. Na nyuma ya macho mkunjo wa ngozi umekatiza kutoka upande hadi upande. Mkunjo huo ndio usioupuuze. Ngozi ni laini, haina vinundu wala zile tezi nene za mabegani walizo nazo vyura wa kawaida wa uani. Chini ya unyayo wa nyuma kuna kinundu kigumu cha kuchimbia, lakini usiamue kwa hicho pekee, kwani wachimbaji wengi wanacho.

Ukibaki na shaka, mweke juu ya mchanga wenye unyevu. Huyu huzama kichwa kwanza, akisukuma kwa pua. Wachimbaji wengine karibu wote huingia kinyumenyume, matako mbele. Mchanga mkavu haumfai, ataruka tu.

Mshike kwa mikono iliyolowa maji ya dimbwi, isiyo na dawa ya mbu. Usimtie mfuko mmoja na Phrynomantis bifasciatus, yule mweusi mwenye michirizi miwili myekundu: utomvu wa ngozi yake huua vyura wenzake. Ukikuta jike ndani ya shimo na mayai makubwa meupe, funika uondoke. Anayalinda, na ndiye atakayewatoa viluwiluwi hadi majini.

Piga picha nne: juu, ubavu wa kichwa, tumbo, unyayo, rula ikiwa kando. Mrudishe palepale ulipomtoa. Buti zisuguliwe tope na zikauke kabisa juani kabla ya dimbwi jingine, maana ukungu unaoua vyura husafiri na maji na tope.