Skuta ya umeme na kilima cha Mwanga

Nakaa Kibirizi, hapa Kigoma, kazi yangu iko Mwandiga, na daladala ya Mwandiga naipandia Mwanga. Kati ya kitanda changu na daladala hiyo kuna kilima. Zamani kilima kilikuwa cha bodaboda, asubuhi na jioni; siku hizi nakipanda kwa skuta ya umeme, naikunja, naingia nayo kwenye gari. Wanaotaka kununua huanza kuniuliza bei. Anzeni na kilima.

Kasha la skuta yangu limeandikwa kilomita 30. Hizo ni za mtu mwepesi, kwenye tambarare, mwendo wa polepole. Mimi si mwepesi. Tazama betri: volti 36 mara ampea-saa 10 ni wati-saa 360, hiyo ndiyo akiba yako yote. Kutoka stesheni ya treni hadi Mwanga inanilia vijiti viwili vya betri kati ya vitano, na wala si mbali. Kwa hiyo mota ya wati 250 iache dukani, maana utaishia kuisukuma kwa mguu huku wauza mahindi wakikuangalia. Yangu ni ya wati 500 na nikibeba mzigo bado inagugumia. Matairi chukua ya upepo, inchi 10. Yale madogo yasiyo na upepo hayapati pancha, ni kweli, ila kila shimo utalihesabu kwa meno.

Kushuka ndiko kulikonifunza adabu. Siku moja nilichaji kazini mpaka betri ikajaa kabisa. Jioni nikateremka kwenye gari pale Mwanga, nikaanza kushuka kuelekea mjini, nikabonyeza breki ya mota niliyoizoea, nikaona haishiki kama kawaida. Breki ya namna hiyo hupunguza mwendo kwa kugeuza mota iwe jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Betri ikiwa imejaa, umeme hauna pa kuingia, na breki inalegea. Niliponea breki ya diski ya gurudumu la nyuma, na kandambili moja ikabaki barabarani. Tangu hapo nikichaji Mwandiga naishia asilimia 80, na sishuki kilima na skuta yenye breki ya aina moja tu. Diski ikaguliwe kila wiki: ukibana mkono wa breki hadi ukagusa mpini, waya umelegea, mpelekee fundi baiskeli, anauweza. Na viatu vaa vya kufunga.

Kuchaji hakuna ugumu. Kuijaza kutoka sifuri hakufiki uniti moja ya LUKU. Usichomeke betri ikiwa bado ya moto kwa kupanda; pika kwanza, ule, ndipo uchaji. Chaja iwe ileile iliyokuja nayo, ya volti 42 kwa betri ya 36. Usiazime ya jirani kwa kuwa tundu limeingia. Usiiache usiku kucha karibu na godoro na chandarua. Betri ikivimba au kutoa harufu, itoe nje ya nyumba, usiichaji tena.

Masika, alama ya IPX4 ina maana skuta inavumilia maji ya kurushiwa. Dimbwi linalofunika gurudumu si la kurushiwa. Mvua ikikaza, panda boda tu, hakuna aibu.

Kuna konda aliyeniambia, "Mama, huyo mtoto naye analipa." Nililipa. Baadaye nikajifunza kuikunja kabla gari halijasimama, kukaa siti ya nyuma kabisa na kuisimamisha kati ya magoti. Ifunge kitenge kikuukuu kuanzia magurudumu, maana tope la Kibirizi likigusa shati jeupe la mwanafunzi, mpaka Mwandiga utakuwa unaomba msamaha.