Miguu kwanza: kununua ng'ombe wa maziwa na kutunza kwato zake

Mnunuzi wa ng'ombe wa maziwa huanza kwa kuangalia kiwele, kisha huuliza anatoa lita ngapi. Maswali hayo ni ya lazima, lakini miguu ndiyo inayoamua kama lita hizo zitapatikana mwaka ujao. Ng'ombe anayeumwa miguu hulala muda mrefu kuliko inavyofaa, huenda horini mara chache, hunywa maji kidogo na hapandi wenzake hata akiwa kwenye joto la kutaka dume, hivyo mfugaji hupoteza maziwa na mimba kwa pamoja bila kujua chanzo. Mwongozo huu unamhusu mfugaji mwenye ng'ombe wachache anayewafugia bandani, kama ilivyo kawaida Rungwe, Hai, Arumeru na Tanga, na unaanzia pale kwato zinapoonekana bila gharama yoyote, yaani kabla fedha haijatoka mfukoni.

Mahali pa kununulia na jinsi ya kukagua

Minada mikubwa ya mifugo kama Pugu, Weruweru na Kizota ni ya ng'ombe wa nyama, na wengi wao ni wa asili. Ng'ombe wa maziwa anayeonekana huko mara nyingi ameletwa kwa sababu ambayo muuzaji haitaji: hashiki mimba, chuchu moja imekufa, au anachechemea. Kwa hiyo ni salama zaidi kumnunua mtamba kwa mfugaji mwenye kumbukumbu za kuzaa na kukamua, kupitia chama cha ushirika cha wafugaji, au kwenye mashamba ya serikali ya kuzalisha mitamba kama Kitulo wilayani Makete na Mabuki mkoani Mwanza. Hata hivyo, wapo wanaovutwa na bei ya mnadani, na mtu mwenye jicho zuri anaweza kupata mnyama mzuri hapo. Jicho hilo hujengwa kwa kufuata utaratibu uleule kila mara.

Fika mapema, wakati mifugo inashushwa kwenye magari au inaingia kwa miguu, kwa sababu ng'ombe akishafungwa kwenye kundi na kusimama kwenye tope huwezi kuona chochote chini ya kifundo. Omba atembezwe kwenye ardhi ngumu na tambarare, nawe usimame ubavuni mwake, si nyuma yake. Tazama mgongo kwanza. Wataalamu hupima kuchechemea kwa alama 1 hadi 5: mwenye alama 1 ana mgongo ulionyooka akiwa amesimama na akiwa anatembea, mwenye 2 hunyooka akisimama lakini huupinda akianza kutembea, mwenye 3 huupinda katika hali zote mbili na hatua zake ni fupi, mwenye 4 huonekana wazi kuupendelea mguu mmoja, na mwenye 5 hataki kabisa kuukanyagia mguu unaouma. Yeyote anaweza kumtambua wa 4 na 5. Hasara hutoka kwa wa 2 na 3, ambao dalali atakwambia kwamba wamechoka na safari tu.

Baada ya mwendo, simama nyuma yake uangalie vifundo vya miguu ya nyuma. Vifundo vilivyokaribiana huku ncha za kwato zikitazama nje huonyesha kwamba ng'ombe anajaribu kuupunguzia uzito ukwato wa nje, ambao ndio hubeba mzigo mkubwa zaidi kwenye miguu ya nyuma na ndio huugua mara nyingi kuliko mwingine wowote. Vifundo vilivyovimba na kunyonyoka manyoya vinaeleza kuwa alikotoka alilala juu ya sakafu tupu.

Kisha omba ndoo ya maji, umwagie kwato na uziangalie kwa karibu. Ukuta wa ukwato hukua takriban milimita 5 kwa mwezi kutoka kwenye mstari wa manyoya kushuka chini, kwa hiyo historia ya mnyama imeandikwa pale. Ukiona mfereji mmoja unaozunguka kwato zote nane kwa kimo kilekile, sentimita 3 hivi chini ya manyoya, basi miezi 6 iliyopita mnyama huyo alipata msukosuko wa mwili mzima, iwe homa kali, uzazi mgumu au mabadiliko ya ghafla ya chakula. Mfereji mmoja si kasoro kubwa, hasa ukilingana na tarehe ya kuzaa aliyoitaja mwenye mali. Mifereji mingi iliyopangana, pamoja na ukwato uliopanuka na ncha kujikunja juu, ni dalili ya ugonjwa wa kwato wa muda mrefu, na ng'ombe wa namna hiyo aachwe hata bei ikishuka. Mwishowe panua nafasi iliyo kati ya kwato mbili na unuse: harufu ya uozo haifichiki.

Mkikubaliana bei, hakikisha umepata stakabadhi na kibali cha kusafirishia mifugo kutoka kwa mtaalamu wa mifugo. Ukifika nyumbani, mtenge mgeni kwa wiki 3 au zaidi, umpe ndoo yake na umhudumie mwisho, baada ya wenyeji. Ugonjwa wa miguu na midomo huchukua kati ya siku 2 na 14 kujitokeza, na mnyama aliyenunuliwa mzima jana anaweza kuwa ameubeba. Akianza kudondosha udenda na kuchechemea kwa wakati mmoja, usimkate kwato wala usimhamishe. Mwite daktari wa mifugo na uzuie watu kuingia bandani.

Sakafu na mahali pa kulala

Kazi kubwa ya kutunza kwato hufanywa na sakafu, wala si kisu. Ukwato uliolowana kwa mkojo na kinyesi saa zote hulainika, ngozi iliyo kati ya kwato huchubuka, na vijidudu hupata mlango. Banda liwe na mteremko mdogo unaopeleka majimaji kwenye mfereji wa nje, na kinyesi kiondolewe asubuhi na jioni. Wakati wa masika, na kwa Rungwe karibu mwaka mzima, mara tatu si nyingi. Zege likimwagwa, lipigwe mistari ya kuzuia utelezi kabla halijakauka, lakini lisiachwe na kokoto kali zinazochoma soli. Zege jipya huunguza kwato kwa chokaa iliyomo, hivyo lioshwe mara kadhaa na kuachwa kabla ya kuingiza mnyama.

Ng'ombe wa maziwa anahitaji kulala karibu saa 12 kwa siku, na kila saa anayolala ni saa ambayo kwato zinapumzika. Chumba cha kulala cha ng'ombe mkubwa kiwe na urefu wa futi 7 na upana wa futi 4, kiinuliwe kidogo kutoka kwenye njia ya kutembelea, na kitandikwe mchanga, maranda au majani makavu. Kuna njia rahisi ya kupima kitanda: piga magoti juu yake ghafla. Ikiwa magoti yako yanauma au yanalowana, ng'ombe naye atachagua kusimama, na atasimama kwenye kinyesi.

Chakula kinachofika kwenye kwato

Wafugaji wengi hushangaa kuambiwa kwamba pumba inaweza kuumiza mguu. Pumba, unga wa mahindi na molasesi vikiliwa kwa wingi bila majani ya kutosha, tumbo kubwa hujaa asidi, mzunguko wa damu ndani ya ukwato huvurugika, na tishu laini inayoshikilia mfupa hulegea na kuvuja damu. Damu hiyo haionekani siku hiyo. Inaingia kwenye pembe changa, yaani sehemu ngumu ya ukwato inayoota, na kusukumwa chini taratibu kadiri soli inavyokua, kiasi kwamba alama nyekundu unayoikuta leo unapokata kwato mara nyingi ilianza miezi 2 iliyopita. Basi hesabu nyuma ujiulize nini kilibadilika wakati huo: alizaa, mfuko mpya wa chakula ulifunguliwa, au mabingobingo yaliisha.

Kinga yake haina ugumu. Majani yatangulie horini kabla ya chakula cha ziada, na kwa uzito mkavu yawe angalau nusu ya mlo. Ng'ombe aliyezaa aongezewe chakula cha ziada kidogo kidogo kwa wiki 2 hadi 3, na kiasi cha siku kigawanywe milo kadhaa badala ya kumwagwa chote wakati wa kukamua.

Kukata na kusawazisha kwato

Ng'ombe anayefugiwa ndani hatembei vya kutosha kusaga kwato zake, kwa hiyo zikaguliwe mara 2 kwa mwaka. Wakati mzuri ni anapokaushwa, yaani anapoachishwa kukamuliwa karibu siku 60 kabla ya kuzaa, na tena miezi 2 au 3 baada ya kuzaa. Mwezi wa mwisho wa mimba asifungwe kwenye kibanio kwa kazi hii. Vifaa ni kisu cha kwato chenye ncha iliyojikunja, koleo la kukatia kwato na tupa. Panga la kukatia majani halifai, ingawa ndilo linalotumika sehemu nyingi, kwa sababu linapasua ukuta wa ukwato na mkono hauwezi kulizuia kwa wakati.

Mfunge kwenye kibanio imara, mguu wa nyuma uinuliwe kwa kamba pana iliyopita juu ya kifundo, kisha uoshe kwato na kuzikausha. Anza na ukwato wa ndani wa mguu wa nyuma, kwa kuwa ndio huwa na umbo lililo karibu na sahihi. Pima kwa mbele, kutoka pale pembe ngumu inapoanzia chini ya manyoya hadi kwenye ncha. Kwa Friesian mkubwa usishuke chini ya sentimita 7.5, na ukiwa na shaka acha 8. Kijiti kilichokatwa kwa kipimo hicho hufanya kazi vizuri kuliko rula. Jersey na chotara wadogo wana kwato fupi kidogo, lakini kwao pia ni afadhali kubakiza kuliko kuzidisha. Kata ncha iliyozidi, kisha punguza soli kuanzia mbele, ukiacha unene wa milimita 5 hadi 7 na bila kugusa kisigino.

Ukwato wa nje usawazishwe ufuate ule wa ndani. Laza mpini wa kisu juu ya kwato zote mbili: ukigusa zote bila kuyumba, uzito utagawanyika sawa. Halafu chimba kidogo, kama sahani, sehemu ya ndani ya soli kuelekea nyuma, ili tope lisinase na ili pale ambapo vidonda vya soli hupenda kutokea pasibanwe. Kwenye miguu ya mbele mpangilio hugeuka, na kazi huanzia ukwato wa nje.

Katika hatua zote, bonyeza soli kwa dole gumba kila baada ya kukata tabaka moja. Ikianza kubonyea, au ukiona rangi ya waridi, acha hapo hapo. Soli nyembamba ni mbaya kuliko ukwato mrefu, kwani huchukua miezi kurudi.

Vidonda, uozo na maji ya kuoshea

Ukifunua kidonda kwenye soli, usikizibe kwa mafuta machafu ya gari wala kukichoma. Punguza pembe inayokizunguka ili kisikanyagiwe, na mtaalamu abandike kipande cha mbao chini ya ukwato usio na kidonda wa mguu huohuo, ili ule mgonjwa uning'inie na kupona. Uvimbe unaojitokeza ghafla pande zote mbili juu ya kwato, ukiambatana na homa, harufu mbaya na mpasuko katikati, ni uozo wa kwato unaohitaji sindano ya antibayotiki siku hiyohiyo. Kidonda chekundu cha duara nyuma, juu kidogo ya visigino, kinachouma kikiguswa, ni ugonjwa mwingine unaoambukiza bandani, na hutibiwa kwa kusafishwa na kupuliziwa dawa juu yake. Maziwa ya mnyama aliyetibiwa yasiuzwe wala yasinywewe hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite.

Kwa kinga, mrututu kilo 5 katika maji lita 100 unatosha, na mwenye ng'ombe 3 anaweza kutumia bomba la kunyunyizia badala ya kujenga birika la kukanyagia dawa. Kwato zioshwe kwanza, kwani kinyesi hupunguza nguvu ya dawa. Maji yaliyotumika yasimwagwe kwenye shamba la majani wala mahali wanapochunga kondoo, ambao hufa kwa madini ya shaba yaliyomo. Fomalini hutumika pia, lakini mvuke wake huumiza macho na mapafu, nami simshauri mfugaji wa banda lililofungwa kuigusa.

Ng'ombe ambaye kidonda kimerudi mara kadhaa, au ambaye ukwato mmoja umevimba hadi kwenye kiungo, aamuliwe mapema angali na mwili. Auzwe kwa ajili ya kuchinjwa, muda wa dawa ukiwa umekwisha, na apelekwe kwa gari badala ya kuswagwa barabarani. Tarehe ya sindano ya mwisho aandikiwe mnunuzi kwenye stakabadhi.