Kupima presha kwa maji ya barafu

Kipimo hiki walikianzisha madaktari Hines na Brown wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1932. Baridi kali huamsha neva zinazobana mishipa ya damu, presha hupanda, nasi tunaangalia imepanda kiasi gani.

1. Uliza kwanza. Mwenye maumivu ya kifua, presha isiyodhibitiwa, selimundu, aliyewahi kupata kiharusi, au ambaye vidole hugeuka vyeupe kwenye baridi, asipimwe.

2. Apumzike dakika 20 au zaidi, bila sigara wala kahawa. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Aliyetoka kupanda ngazi mbio ana presha ya juu tangu mwanzo, kwa hiyo ongezeko litaonekana dogo kuliko lilivyo. Rudia kupima hadi namba zitulie. Inachosha, najua.

3. Beseni la maji na barafu, nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Yakoroge, maana yaliyogusa ngozi hupata joto haraka.

4. Mkanda wa presha uwe mkono mmoja. Mwingine uingie majini hadi kifundo. Pima sekunde ya 30 na ya 60, kisha autoe. Asibane pumzi, na akisema hawezi tena, autoe hapo hapo.

5. Endelea kupima kila dakika 2 hadi presha irudi.

Mfano: alianza na 118/74, akafika 142/90. Ameongezeka 24 juu na 16 chini. Ikizidi 20 juu au 15 chini, huhesabiwa kuwa mwitikio mkali.

MASWALI

– Mwalimu, mwitikio mkali ndio ugonjwa wa moyo?
Hapana. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipimwa hivi kati ya 1948 na 1964, na walioitikia sana walielekea zaidi kupata presha miaka mingi baadaye. Tafiti nyingine hazikuona hivyo. Mimi ningetazama kwanza presha yake ya kila siku, sukari, kolesteroli na sigara.

– Naweza kumpima mama nyumbani? Anatumia dawa za presha.
Usimpime, ndugu yangu. Mpime presha ya kawaida asubuhi na jioni, uandike. Daktari wake atafaidika zaidi na daftari hilo.

– Presha ilipanda ila mapigo ya moyo yaliongezeka kidogo tu. Nimekosea?
Hujakosea. Kazi kubwa hapa inafanywa na mishipa iliyobana.