Kupanga mawakala kwenye makundi kwa kutumia kanuni

Wakala hapa si yule wa miamala ya simu; ni programu ndogo inayokaa ndani ya seva na kutuma vipimo kwenye mfumo wa ufuatiliaji. Kanuni ndizo huamua wakala yupi aingie kundi gani.

Anza na majina ya seva. Tuseme seva zako zilizoko Posta, Dar es Salaam, zinaitwa dsm-malipo-01 hadi dsm-malipo-06. Andika kanuni hii ([0-9]+ humaanisha tarakimu moja au zaidi), kisha ielekeze kwenye kundi la Malipo:

^dsm-malipo-[0-9]+$

Usisahau alama ya ^ mwanzoni; ndiyo inayosema jina lianzie hapo. Bila hiyo, mifumo mingi itakubali hata jaribio-dsm-malipo-01, na saa nane usiku mtu wa zamu ataamshwa kwa ajili ya seva ya majaribio. Alama ya $, inayosema jina liishie hapo, nayo ina mtego wake: wakala akijitambulisha kwa jina refu, mfano dsm-malipo-01.ndani.lan, kanuni haitamshika. Soma jina lilivyo kwenye orodha ya mawakala, si unavyolikumbuka.

Mpangilio ndio unaowaponza wengi. Kwa kawaida kanuni husomwa kuanzia juu, na ya kwanza kulingana ndiyo hushinda. Ukiweka ^dsm- juu, itameza seva zote na kanuni ya malipo haitafikiwa kamwe. Kanuni mahususi zikae juu, za jumla chini, na mwisho kabisa kundi la wasiotambuliwa. Likague kila Jumatatu.

Ukishahifadhi, washa upya wakala mmoja tu, hakikisha amehamia kundi sahihi, ndipo uendelee na wengine.