Unataka kuhamia Japani ukiwa Moshi au Arusha? Anza na makaratasi, kiwanja usikiguse kwanza

Habari zenu wadau. Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu, wawili wa Moshi mmoja wa Arusha, wote swali ni lile lile, nifanyeje niende Japani, na mmoja wao baba yake tayari anatafuta mteja wa kiwanja cha Bomang'ombe ili dogo apate nauli. Nikamwambia mwambie mzee asimame hapo hapo leo leo. Mi nimesoma kule na nimerudi, na kinachoniuma zaidi ni kuona familia inauza mali kabla hata safari haijawa safari, kwa hiyo nimeamua niandike.

Elewa kwanza mpangilio wake. Ubalozi wa Japani pale Dar haukupi viza ya kwenda kuishi kisa tu una paspoti na hela benki. Lazima kuwe na mtu kule Japani, yaani shule, chuo au mwajiri, akuombee kwa uhamiaji wa kwao karatasi inayoitwa COE, ndo inayosema huyu anastahili kuja kuishi kwa masomo haya au kazi hii. Ikishatoka (saivi wanaituma hata kwa imeili) ndo unapanda basi kwenda Dar kuomba viza. Hiyo COE ina miezi 3 tu, ndani ya miezi hiyo uwe umeshaingia Japani, usianze kuaga ukoo mzima kuanzia Machame mpaka Rombo ukajikuta imekwisha.

Sasa hela. Kwa wanaoenda kusoma lugha, shule itataka kuona taarifa ya benki ya mdhamini wako, baba au shangazi au nani, kwamba anaweza kukulipia. Lakini hela kuonekana benki ni jambo moja na hela kutolewa ni jambo lingine. Shule nyingi mwanzoni unalipa ada ya maombi tu, ada yenyewe unalipa COE ikishapatikana. Mtu yeyote anayekwambia lete mamilioni kesho nikufanyie mpango, na hakutajii jina la shule wala mwajiri, muogope. Mjomba wangu alilipa hela nyingi kwa ajenti mmoja Arusha, akaahidiwa ataingia na viza ya matembezi alafu atabadilishia huko huko awe wa kazi. Viza ya matembezi ni ya siku 90 mwisho, kazi huruhusiwi, na kuigeuza ukiwa ndani kawaida haiwezekani. Hela haijarudi mpaka leo.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi mapema ni miaka ya shule. Vyuo vya Japani, na shule za lugha kwa kawaida, vinataka uwe umesoma miaka 12. Kwetu msingi 7 jumlisha sekondari 4 ni 11, kwa hiyo form four peke yake inapungua mwaka mmoja, aliyemaliza form six ana 13 yuko salama. Kama ni form four, iulize shule swali hilo hilo kwanza kabla hujatoa hata shilingi. Na anza mapema, mihula mikubwa ya shule za lugha ni Aprili na Oktoba na maombi yanafungwa miezi mingi kabla, ukitaka Aprili ukaanza kuhangaika Januari umeshachelewa.

Majina jamani, majina! Hapa ndo wengi tunakwama. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Emanuel, cha form four Emmanuel, NIDA wameweka jina la babu, la kati halipo. Sisi hapa tunaona ni kitu kidogo, mtu wa uhamiaji Tokyo anaona watu wawili tofauti. Kaa mezani na vyeti vyote, visome herufi kwa herufi, kama kuna tofauti nenda kwa wakili upate kiapo au dipoli (hati ya kisheria ya kubadili jina), na rekebisha KABLA ya kuomba paspoti maana jina la kwenye paspoti ndo litakufuata mpaka kwenye akaunti ya benki kule. Paspoti unajaza fomu mtandaoni alafu unaenda ofisi ya uhamiaji ya mkoa, Moshi ipo na Arusha ipo, gharama yake ni shilingi 150,000.

Wakati unasubiri jifunze lugha, usisubiri ufike. Anza na hiragana na katakana, yaani aina zao mbili za herufi za kuandikia silabi, kila moja ina herufi za msingi 46, ukikaza kila siku wiki chache unazisoma. Na sisi tuna bahati kubwa, irabu zao ni a e i o u kama zetu na silabi zao nyingi zinaishia na irabu, neno kama sakana, yaani samaki, Mswahili unalitamka sawa mara ya kwanza. Kanji, zile alama zao zilizotoka Uchina ambazo kila moja ina maana yake, ndo mzigo, zile rasmi za matumizi ya kila siku ni 2136, hizo utapambana nazo taratibu.

Mzigo. Nyama usibebe, hata iliyokaushwa, hata kama mama amelia. Maembe na ndizi acha, uwanja wa ndege kule wanakunyang'anya. Kahawa iliyokaangwa beba, na ndo zawadi nzuri kuliko zote maana kule kahawa ya Tanzania wanaiita Kilimanjaro, ukisema unatoka chini ya huo mlima mwalimu wako anafurahi kweli. Dawa kuwa makini sana, baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoephedrine na za maumivu zenye codeine zina masharti makali, uliza ubalozini kabla. Makoti ya baridi yatafute mitumba ya soko la Memorial pale Moshi. Umeme wao ni volti 100 na plagi ya pini mbili bapa, pasi na jagi lako la umeme viache nyumbani.

Ukitua uwanja mkubwa wa ndege kama Narita, ule wa karibu na Tokyo, unapewa kadi ya ukaazi, tembea nayo muda wote. Kama ni mwanafunzi omba hapo hapo kibali cha kazi, ni masaa 28 kwa wiki wakati wa masomo. Ukishapata pa kukaa una siku 14 za kwenda ofisi ya mtaa kuandikisha anwani, siku hiyo hiyo jiunge na bima ya afya, hospitali utalipa asilimia 30 tu. Nyumba za kupanga mara nyingi zinataka dhamana na pia hela ya shukrani kwa mwenye nyumba ambayo hairudi, na chumba unakikuta kitupu hata jiko hakuna, kwa hiyo miezi ya kwanza bweni la shule ni nafuu.

Na mpange kabisa na nyumbani saa ya kupigiana simu. Wako mbele yetu masaa 6, ukitoka darasani kula saa 6 mchana huku Moshi ni saa 12 asubuhi, mama ndo anatoka kukatia ng'ombe majani, hapo utampata.